Hukumu na Sababu Zake: Funzo la Shindano la Chopin kwa Wanafasihi

Kila baada ya miaka mitano, vijana wapiga piano kutoka pembe mbalimbali za dunia hukutana jijini Warsaw, Poland, kuwania tuzo ya Shindano la Kimataifa la Piano la Fryderyk Chopin. Tofauti na mashindano mengine mengi ya muziki wa klasiki, hapa hupigwa tungo za mtunzi mmoja tu, yaani Chopin mwenyewe, aliyezaliwa Poland mwaka 1810 na kufia Paris mwaka 1849. Washindani huchujwa duru baada ya duru, na wachache wanaosalia hupiga piano pamoja na okestra katika fainali, mbele ya majaji ambao aghalabu ni wapiga piano waliobobea. Msomaji wa jarida hili huenda akauliza: hayo yanatuhusu nini sisi wanafunzi wa Kiswahili? Ni maoni yangu kwamba yanatuhusu sana, kwa kuwa shindano hilo limekabiliana na swali ambalo sisi tumekuwa tukilikwepa: anayehukumu kazi ya sanaa ana deni gani kwa anayehukumiwa?

Shindano hili liliasisiwa mwaka 1927 kwa juhudi za Jerzy Żurawlew, mpiga piano na mwalimu wa muziki. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Żurawlew aliona jinsi vijana walivyovutiwa na michezo, huku Chopin akibezwa na baadhi ya watu kuwa mtunzi wa hisia laini zisizo na nguvu. Basi akaamua kuutia muziki huo katika ushindani ili uwavute vijana. Mbinu yake ilifaulu, lakini ilizaa tatizo. Katika riadha, mkimbiaji hupimwa kwa saa, na saa haina mapendeleo. Mpiga piano hupimwa kwa sikio la binadamu, na sikio hilo lina malezi yake, mazoea yake na chuki zake.

Tatizo hilo lilijitokeza waziwazi mwaka 1980. Ivo Pogorelich, kijana kutoka Yugoslavia, alipiga tungo za Chopin kwa namna iliyowagawanya majaji: wapo waliomwona kuwa kipaji adimu na wapo waliomwona kuwa mpotoshaji. Hakuruhusiwa kuingia fainali. Martha Argerich wa Argentina, aliyekuwa ameshinda shindano hilo hilo mwaka 1965, akajiuzulu ujaji kwa kupinga uamuzi huo. Habari zikaenea duniani, na mwaka uliofuata Pogorelich akatumbuiza katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama hadithi ya Pogorelich kuonewa. Mimi namfikiria mwingine. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Đặng Thái Sơn wa Vietnam, Mwasia wa kwanza kulishinda shindano hilo. Alikulia Hanoi wakati wa vita, na chuo cha muziki kilipohamishiwa kijijini kwa kuhofia mabomu, masomo yake yaliendelea huko huko kabla ya kupelekwa Moscow baadaye. Kijana huyu alistahili kuzungumziwa yeye. Badala yake, ushindi wake ulifunikwa na kelele za aliyeshindwa. Hukumu isiyofafanuliwa humdhulumu aliyetolewa, na vilevile humdhulumu aliyetuzwa, kwa sababu humnyima ushahidi wa kuitetea haki yake.

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawawezi kuwa wageni wa mgogoro huu. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema kwamba tungo zisizofuata arudhi si mashairi kamwe. Lakini mabishano ya wanamapokeo na wanamabadiliko yaliendeshwa kwa maandishi. Kila upande ulitoa hoja, na hoja hizo tunazisoma hadi leo katika kumbi za mihadhara. Mjadala ule umetufaa kwa sababu sababu za pande zote zilihifadhiwa, hata kama hakuna upande uliokubali kushindwa.

Warsaw nayo imejifunza. Mwaka 2015, baada ya shindano kumalizika, alama za kila jaji zilichapishwa. Ulimwengu ukaona kwamba katika fainali, majaji wengi walimpa mshindi, Seong-Jin Cho wa Korea Kusini, alama 9 au 10 kwa 10, ilhali jaji mmoja, Philippe Entremont wa Ufaransa, alimpa 1. Watu walishangaa, wakabishana, lakini ushindi wa Cho haukutetereka. Uliimarika, kwani kila mtu aliweza kuuhesabu mwenyewe. Isitoshe, jaji haruhusiwi kumpa alama mwanafunzi wake. Bruce Liu wa Kanada aliposhinda mwaka 2021, mwalimu wake, ambaye ni Đặng Thái Sơn yule yule, alikuwa miongoni mwa majaji. Kanuni hiyo ndiyo iliyomlinda mwalimu na mwanafunzi dhidi ya shutuma.

Wapo watakaosema kwamba kuchapisha alama kutawafedhehesha majaji na kuwafanya waogope kutofautiana na wenzao. Hofu hiyo ina mashiko. Hata hivyo, jaji anayeweza kutoa 1 penye 10 awe pia na ujasiri wa kuieleza. Na huenda maelezo yake yakatufunza zaidi kuliko makofi ya wengi.

Sisi je? Katika tamasha za muziki na ukariri wa mashairi nchini Kenya, mwamuzi husimama mbele ya wanafunzi akataja uzuri na dosari za kila wasilisho. Huo ni utamaduni wa kujivunia. Lakini katika baadhi ya mashindano ya utunzi niliyowahi kushiriki, nilichopata ni orodha ya majina matatu ubaoni. Sikujua kama shairi langu lilianguka kwa urari wa vina, kwa wepesi wa maudhui, au kwa sababu halikusomwa kabisa. Niliacha kutunga kwa miaka miwili.

Hivyo basi, napendekeza kwamba vyama vyetu vya Kiswahili vyuoni vizingatie mambo matatu vinapoandaa mashindano. Kwanza, alama za kila mwamuzi zibandikwe hadharani. Pili, mhadhiri asimsahihishie mwanafunzi anayemsimamia. Tatu, kila mtunzi apewe angalau aya moja ya maelezo, na pale waamuzi wanapotofautiana sana, tofauti hiyo ichapishwe katika jarida ili wasomaji waijadili.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Warsaw imewatuza Mvietnam, Mkorea na Mkanada kwa kucheza ngoma isiyo ya kwao, na Wapolandi wenyewe wameweza kuzisoma hesabu za hukumu hiyo. Sisi tunaocheza kwetu, kwa lugha yetu, tunastahili angalau kuambiwa tumekosea hatua ipi.