Mita Yako Inakudanganya, na Wewe Unaiamini Tu

Wasee wa Taveta, nimechoka na hii story ya "mita ni mita." Fundi anatoa mita ya bei ya chini, anagusa betri ya solar, anasoma namba, anatoa hukumu. Hakuna anayeuliza mita yenyewe ilipimwa na nani.

Na sijitoi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpimia jirani yetu, anayeuza ndizi hadi usiku. "Mama, betri imejaa, washa taa zako." Mita ilisema 12.7. Baada ya miezi michache betri haishiki chaji, na mama ananiangalia tu: "Si ulisema imejaa, mwanangu?"

Kumbe betri ya volti 9 ndani ya mita yangu ilikuwa imechoka. Kwenye mita nyingi za hiyo bei, volti ya kulinganishia inategemea hiyo betri ndogo. Ikishuka sana, namba kwenye kioo zinapanda. Betri ya mama ilikuwa 12.1, imebaki nusu au chini, na mimi namwambia aendelee kuitumia. Betri ya asidi ukiifanyia hivyo kila siku, unaiua.

Halafu mtu anakuja eti "nunua mita ghali." Kwa pesa ya nani? Unachohitaji ni volti moja isiyoyumba, na iko kwenye takataka. Fungua chaja iliyoungua au pawasaplai ya kompyuta kuukuu (chomoa na ungoje kwanza, kapasita kubwa itakupiga shoti), tafuta kidude cha miguu mitatu kilichoandikwa TL431. Miguu ya pembeni iunganishe pamoja, uipeleke kwa chanya ya chaja ya volti 5 kupitia rezista ya omu 1,000. Mguu wa katikati uende hasi. Usiongeze kapasita, inaweza kuyumba. Kati ya pembeni na katikati utapata karibu volti 2.495.

Mbona isitumike zena tu? Kwa sababu zena ya kawaida hubadilika na mkondo na joto, na joto la Taveta mnalijua. Ndani ya TL431 kuna volti mbili: moja inashuka joto likipanda, nyingine inapanda. Zikijumlishwa kwa kipimo sahihi, zinatulia. Watu wanatumia hii kitu tangu miaka ya 1970, si uchawi.

Najua mtakachosema: TL431 ya kawaida inaweza kukosea asilimia 2. Kweli, na ile ya herufi B ni nusu asilimia. Lakini hapo ndipo mnachanganya mambo. Kutulia na kuwa sahihi ni vitu viwili. Kutulia unajitengenezea nyumbani. Usahihi unaazima mara moja tu: tafuta mtu mwenye mita iliyolinganishwa na vipimo vya KEBS, pima kidude chako, andika namba hiyo kwenye karatasi, igande na selotepu. Basi.

Changu kimeandikwa 2.495. Ile mita yangu, kwenye reji ileile ya volti 20, ilikisoma 2.62. Asilimia 5 juu. Chukua 12.1, ongeza asilimia 5, uone unapata ngapi.

Mama bado hajanunua betri nyingine, anatumia koroboi. Siku ya soko nitakaa kando ya kibanda chake na kidude changu. Mafundi, leteni mita zenu.