Kiti Mmempa, Suruali Je?

Tumechoka kupigwa picha na viti vya magurudumu.

Kila msimu wa siasa ni yale yale. Hema linasimamishwa uwanjani, spika zinanguruma, mheshimiwa anafika akiwa amechelewa, viti vinapangwa mstari, wapewaji wanakalishwa, kamera zinabofya. Jioni picha iko kwenye simu ya kila mtu. Wewe uliyeitazama, uliangalia nguo? Ulimwona yule mzee ambaye suruali ilimshuka nyuma hadi mgongo ukabaki wazi mbele ya umati? Ulimwona yule mama aliyefungwa leso juu ya leso kwa sababu hapakuwa na sketi ya kumvika?

Hukuona. Au uliona, ukanyamaza.

Mimi ni wa mtaa wa Satellite, hapa Nairobi, na nitasema ya kwetu. Toka Dagoretti Corner, fuata Naivasha Road ukielekea Kawangware, uhesabu vibanda vya mafundi wa nguo. Utachoka. Sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, viraka vya makoti ya mtumba, vyote vinashonwa hapa hapa kando ya barabara, vumbi la matatu likipita juu ya cherehani. Sasa mwulize fundi mmoja akushonee suruali ya mtu anayeshinda amekaa. Atakuuliza, “Ya kukaa vipi?”

Simlaumu. Nani amewahi kumwagiza? Wewe umewahi?

Mama yangu alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ulilala. Hospitali ilituandikia dawa, ikatuandikia mazoezi, ikatupa tarehe ya kliniki. Hakuna aliyefungua mdomo kusema mtu huyu atavaaje kesho asubuhi. Blauzi zake zote za kitenge zilikuwa na vifungo mgongoni, vile vidogo vilivyovikwa kitambaa. Jaribu kuvifunga mwenyewe, kwa mkono mmoja, nyuma ya mgongo wako. Jaribu leo.

Jirani aliyemuuguza mumewe ndiye aliyekuja kutufungua macho: mkono mgonjwa huingia kwanza, hutoka mwisho. Maneno sita tu! Ukianza na mkono mzima kwa kuwa ndio mwepesi, nguo inakaza, na ule uliolala itabidi uuvute. Bega la mtu wa kiharusi halivutwi. Misuli inayolishikilia imelegea, kwa hiyo ukilivuta linateguka, na maumivu yake hayaishi kwa panadol. Nyumba ngapi katika mitaa hii zinavuta mabega kila asubuhi, na mgonjwa akilia husemwa amekuwa msumbufu?

Wazee walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na aibu ya aliye hai? Anaijua binti anayempandishia babake suruali, wote wawili wakitazama ukuta.

Halafu tunasema, “Siku hizi mzee haonekani, amekata tamaa.” Hajakata tamaa! Kuvaa kunamla asubuhi nzima, na kunamla pamoja na mtu wa pili anayepaswa kuwa kazini. Kwa hiyo anaacha kanisa. Anaacha chama. Anaacha kliniki. Mwishowe anaachwa na dera moja la kulalia, la kushindia na la kupokelea wageni. Na dera lenyewe, pamoja na wepesi wake wote, pindo lake linapenda sana kuingia kwenye gurudumu.

Sisemi vazi pana ni baya. Bibi zetu wa Pwani walizeeka ndani ya leso, vazi lisilo kifungo wala zipu, linalofungwa hata na mikono inayotetemeka. Shati la vifungo saba na suruali ya mkanda vililetwa na wengine, tukavifanya sheria: ya shule, ya ofisi, ya mazishi. Basi, kama ni sheria, tuifanye ivalike!

Maana si aibu peke yake. Nguo inaumiza mwili.

Suruali ya kawaida hukatwa kwa mtu aliyesimama. Mkalishe, uone. Nyuma inashuka, mbele inajikunja tumboni, miguuni inapanda hadi soksi zinaonekana. Huo ndio mwanzo tu. Jinzi ina mifuko ya nyuma yenye mishono minene, na mara nyingi kwenye kona za mifuko kuna vile vipande vya chuma vilivyogongelewa. Mimi na wewe tukivikalia, tunasogea. Mtu aliyeumia uti wa mgongo hasikii. Anakalia kile chuma tangu asubuhi hadi jioni, damu haipiti, ngozi inakufa, na usiku anayemvua nguo ndiye anayeona alama nyekundu. Kidonda cha mgandamizo huanza hivyo. Kikiachwa kinachimba hadi mfupa, kinaingia wadudu, kinaua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa hawakupiga fumbo.

Tuna hospitali ya kitaifa ya majeruhi wa uti wa mgongo, iko Lenana Road, hata si mbali na kwetu. Serikali inatumia pesa na miezi kumkalisha mtu sawasawa pale, kisha anarudi nyumbani kuvalishwa jinzi ya mtumba ya Gikomba yenye vyuma matakoni. Akili gani hii?

Na choo. Hili hatulitaji, tuna haya sana. Kijana mwenye mtindio wa ubongo, shuleni, ana mkanda, kifungo na zipu kati yake na haja ndogo. Vidole havimtii. Amechelewa mara moja, darasa zima limecheka. Unajua anafanya nini baada ya siku hiyo? Anaacha kunywa maji asubuhi. Wanawake wazima wenye viti vya magurudumu nao hufanya hivyo hivyo kabla ya kwenda mjini, wanashinda na kiu kwa sababu sketi haifunguki upesi. Figo zikianza kulalamika, tutaandika dawa nyingine.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu, na kati yao wenye shida ya kutembea walikuwa takriban 385,000. Ongeza wazee wenye baridi yabisi ambao hawakuhesabiwa hapo. Ongeza walioanguka na boda boda jana. Hujafa hujaumbika, ndugu yangu. Wewe unayesoma ukiwa na vidole kumi vinavyotii, umesaini mkataba na nani?

Sheria, tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vizuizi vinavyotokana na hali yake. Mei 2025 Rais alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, tukapiga makofi. Lakini vifaa, vichwani mwetu, ni kiti, gongo na fimbo nyeupe. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipotoa orodha yake ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele mwaka 2016, liliweka viatu vya tiba, suruali ikaachwa nje.

Wenye biashara waliliona pengo hilo. Mwaka 2012 kijana Mmarekani, Matthew Walzer, aliiandikia Nike kuwa hawezi kujifunga kamba za viatu. Mwaka 2015 Nike ikatoa kiatu kinachofunguka kwa zipu na kufungwa kwa mkono mmoja. Mwaka 2016 Tommy Hilfiger akaanza nguo za watoto wenye ulemavu, mwaka uliofuata za watu wazima. Pesa ilikuwepo, wakaiokota.

Na sisi? Athi River na Ruaraka viwanda vimekuwa vikiwashonea Wamarekani suruali tangu AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, uanze mwaka 2000. Bombolulu, Mombasa, karakana za APDK, chama cha watu wenye ulemavu, zimekuwepo tangu 1969, na mafundi wenye ulemavu wanamshonea mtalii. Wao nani anawashonea? Hapa Nairobi yupo Angela Wanjiku na Hisi Studio yake, anayeweka Braille kwenye nguo ili asiyeona aisome nguo yake kwa kidole. Mmoja! Jiji zima lenye cherehani kila kona, nakutajia mmoja.

Usiniambie ni ghali. Umeona bei ya velkro pale Biashara Street? Zipu ndefu inayofunguka ubavuni toka kiunoni hadi gotini ili mguu bandia au mpira wa mkojo upite, hiyo ni zipu tu, kama ya begi lako. Lastiki kiunoni badala ya mkanda. Sidiria inayofungwa mbele. Kijikamba kwenye kichwa cha zipu ili kidole kiingie. Shati linabaki na vifungo vyake kwa urembo, nyuma yake kuna velkro. Sumaku nazo zinafaa, isipokuwa kwa mwenye kifaa cha kusukuma moyo, huyo zisimkaribie. Kuna kipi hapo cha kusubiri mfadhili?

Lakini fundi wetu hafundishwi. Anafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, anapata gredi yake, na mwili pekee anaopimwa nao ni ule uliosimama wima. Mtaala ubadilishwe. Swali moja tu la suruali ya aliyekaa likitokea kwenye mtihani wa gredi ya tatu, vyuo vyote vitaifundisha kufikia muhula ujao, mnajua wenyewe tunavyosomea mtihani. Na walimu wakuu waache kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu suruali yake ina lastiki au viatu vyake havina kamba.

Wewe nawe, amka. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na marobota ya mtumba hayatatusitiri hapa. Una mzazi ndani ya nyumba ambaye hajatoka tangu mwaka uanze, na fundi yuko getini kwako. Mchukue fundi umwingize ndani. Usimpelekee suruali ya zamani aifanye mfano. Ampime mzee akiwa amekaa: nyuma apandishe kiuno, mbele akishushe, miguuni aongeze urefu, mifuko ya nyuma aiache kabisa. Na kabla hajakunja futi yake, amwulize mzee mwenyewe anataka rangi gani.