Moyo wa maskini huanza kuugua kooni

MARADHI ya moyo yamezoeleka kuitwa ugonjwa wa wakubwa, wenye vitambi na magari. Kando ya Ziwa Victoria, dhana hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Ipo njia nyingine ya kuufikia moyo, nayo huanzia kooni mwa mtoto. Bakteria aina ya streptokokasi huleta maumivu ya koo. Yasipotibiwa, wiki chache baadaye kinga ya mwili huweza kuchachamaa na kusababisha uvimbe katika maungio na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na kila inaporudi huzidisha makovu.

Bakteria hao hustawi penye msongamano. Katika vilima vya mawe vya Mabatini na Igogo jijini Mwanza, familia nyingi hubanana katika chumba kimoja. Mgonjwa wa Ukerewe naye hulazimika kuvuka ziwa ili afike Hospitali ya Bugando.

Mei 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kukabili maradhi haya. Silaha yake ni ya zamani: penisilini kwa koo linalouma, na kwa aliyekwisha kuugua homa hiyo, sindano kila baada ya wiki tatu au nne.

Vali ikishaharibika vibaya, tegemeo ni upasuaji. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Mwanza. Zahanati yenye penisilini ingeweza kuifuta safari hiyo.