Chipu Moja Ikimeza Kila Kitu, Fundi Atabaki na Nini?

Mijadala yetu ya teknolojia hupenda kuanzia juu: akili unde, uchumi wa kidijitali, mapinduzi ya viwanda. Leo naomba tuanzie ndani ya kasha la kompyuta, kwa maana humo unafanyika uamuzi unaotuhusu bila sisi kuulizwa.

Kwa miaka mingi, kompyuta yenye nguvu ilikuwa na prosesa inayoendesha programu, na pembeni yake kadi ya grafiki inayochora kile tukionacho kwenye kioo. Mwaka 2006 kampuni ya AMD iliinunua ATI, watengenezaji wa kadi hizo, kwa dola za Marekani bilioni 5.4, ikikusudia kuviunganisha viwili hivyo. Kufikia mwaka 2011, AMD na mshindani wake Intel wote walikuwa sokoni na vyote viwili katika kipande kimoja cha silikoni. Apple ilifuata mwaka 2020 kwa chipu yake ya M1. Septemba 2025, Nvidia ilitangaza kuwekeza dola bilioni 5 katika Intel, na miongoni mwa makubaliano yao ni chipu za kompyuta binafsi zitakazobeba grafiki za Nvidia. Mfalme wa kadi naye amekubali kuhamia nyumba moja na prosesa.

Kwa watu wa Magoma, huko kwenye mashamba ya mkonge wilayani Korogwe, hii ni habari njema, wala sitaki nieleweke vinginevyo. Chipu za namna hii zilizo katika kompyuta mpakato za kawaida hubuniwa kwa takriban wati 15, ilhali kadi ya grafiki peke yake katika kompyuta ya mezani yaweza kudai wati mia moja na zaidi. Shule inayotegemea paneli za jua haihitaji mhadhara kuielewa hesabu hiyo. Tena grafiki hizo za ndani, zilizodharauliwa zamani, leo zinamtosha mwanafunzi anayechora ramani, anayehariri video au anayejifunza kuandika programu.

Shida imo katika hatua inayofuata. Grafiki ina njaa kubwa ya data, na inapokaa pamoja na prosesa, zote mbili hula sahani moja: kumbukumbu ya kompyuta, ile ambayo mafundi huiita ramu. Ili chakula kifike upesi, watengenezaji wanaisogeza ramu karibu. Katika M1 imo ndani ya kifurushi cha chipu yenyewe. Intel ilifanya vivyo hivyo mwaka 2024 katika baadhi ya chipu zake za kompyuta mpakato. Na kompyuta zenye chipu kubwa za AMD za mwaka 2025 hutoka kiwandani ramu ikiwa imechomelewa. Sababu ya kihandisi ni ya kweli. Lakini ramu ya namna hiyo fundi wa Korogwe hawezi kuichomoa na kuweka nyingine kubwa zaidi, na ikiharibika, huenda na ubao mzima.

Atakayesema haya ni mambo ya Ulaya na akumbuke vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022, ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu. Kila kishikwambi ni chipu moja yenye prosesa na grafiki, na ramu yake haiongezeki. Kwa hiyo mustakabali huu ulishaingia katika ofisi za walimu, kwa fedha ya umma.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ilikuwa njia ya kujilinda, na ilituchelewesha. Simwombi mtu yeyote arudie hilo. Ninachoomba ni kidogo, na kinawahusu watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: mnapoandika vipimo vya zabuni za kompyuta za shule na halmashauri, msiishie kutaja kasi na ukubwa wa kioo. Dai nafasi ya ramu inayofunguka, diski inayobadilishika, na vipuri kwa miaka isiyopungua mitano. Mashine zenye chipu za pamoja na ramu ya kuchomoa zingalipo sokoni. Hatulazimiki kuchagua kati ya umeme kidogo na matengenezo. Na pale ambapo ramu imechomelewa, inunuliwe kubwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa siku ya pili haitakuwapo.

Wanafunzi wangu wa mrengo wa harakati huniambia kuwa soko letu ni dogo mno kuisumbua kampuni yoyote. Kweli, hatutabadilisha mchoro wa chipu. Lakini mzabuni wa Dar es Salaam huagiza kile ambacho zabuni imekitaja, na kama haikutaja, huagiza cha bei rahisi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango ya ununuzi huandikwa kabla ya hapo.