Waingereza wametoka Ulaya: kilo yetu isipunguzwe kwa jina lao

Tangu sikukuu za mwisho wa mwaka 2020, hapa Ndosho kulikuwa neno moja lililopita kinywa kwa kinywa, kwa foleni ya maji, kwa butiki, na kwa wenye moto waliotoka Sake: Brexit. Wanunuzi wa mawe walilisema, wachimbaji walilirudilia, wamama walibaki nalo nyumbani. "Bei itaanguka, juu Bangereza baliachana na Bazungu bengine." Mwingine aliongeza: "Ulaya ilisha kufunga mlango kwa mawe ya Kongo." Mwanzo wa 2021 korona ilikuwa imefunga masomo, usiku hatukutembea tena kupita saa tatu, familia zilikuwa pamoja muda mrefu, na maneno yalizidi kuwa mengi.

Woga huo hatuuchekelei. Kwa nyumba nyingi za hapa, baba ao kijana mkubwa iko ku kariyeri, Rubaya, Numbi ao Walikale, na feza yote ya mwezi inatoka kwa kilo chache za koltani ao kasiteriti. Kilo ikipoteza dola moja, njo minervali ya mtoto wa sekondari inakosekana, njo deni la unga kwa butiki linaongezeka. Lakini woga bila maarifa unamtajirisha mwenye akili mbaya. Kwa hiyo tueleze kwanza nini imefanyika, kiisha tuseme tunataka nini.

Tarehe 23 mwezi wa sita 2016, Waingereza walipiga kura, na watu karibu 52 kwa mia walichagua kutoka katika Umoja wa Ulaya. Mabishano yalidumu miaka. Walitoka kwa jina tarehe 31 mwezi wa kwanza 2020, lakini waliendelea kufuata sheria za soko la Ulaya mpaka usiku wa tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili. Mapatano ya biashara na Ulaya waliyapata tarehe 24, siku moja mbele ya Noeli. Katikati ya hapo, familia za kule nazo zilijiuliza kama kazi itabaki, kama chakula na dawa zitapita mpaka bila shida. Kukaa bila kujua ni mzigo kwa nyumba ya London sawa na kwa nyumba ya Ndosho. Tofauti ni hii: wao walipiga kura. Sisi hakuna aliyetuuliza.

Sasa tuangalie bei. Mawe yetu kwa sehemu kubwa hayaendi Uingereza. Yanatoka Goma kwa barabara za mashariki mpaka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kiisha mengi yanaenda kuyeyushwa Asia. Lakini bei ya bati, ile metali inayotoka ndani ya kasiteriti, inatangazwa kila siku ya kazi kule London, kwa soko linaloitwa London Metal Exchange, ambalo liko tangu 1877. Njo maana ni rahisi kumdanganya mtu: London iko Uingereza, Uingereza imetoka, basi bei imeanguka. Maneno yanafuatana vizuri, lakini si ya kweli.

Soko lile ni la dunia nzima na linahesabu kwa dola. Mwezi wa tatu 2020, korona ilipofunga viwanda, tani ya bati ilishuka chini ya dola 15,000. Mwisho wa mwaka, wakati ule ule Waingereza walikuwa wanafunga mizigo yao, tani ilikuwa imepita dola 20,000. Haikuanguka, ilipanda. Hatusemi kwamba mchimbaji apate dola 20 kwa kilo: ile ni bei ya bati safi, na katikati kuko udongo ndani ya jiwe, transpori, taksi, etiketi, na faida ya kila mkono. Lakini mto ukijaa kule juu, huku chini haukauki bila mtu kuuziba. Mtu akikupunguzia kasiteriti kwa jina la Brexit, muulize: bei ya London ya wiki hii ni ngapi?

Koltani yenyewe haina bei kwa soko lile. Bei yake wanapatana muuzaji na mnunuzi, kwa mkataba, na mchimbaji wa Rubaya haoni ule mkataba. Giza lake ni kubwa zaidi. Hapo njo maneno ya barabarani yanapata nguvu, sababu hakuna ubao wowote wa kuyapima.

Kuko jambo la pili, na hili linaomba tuwe macho kweli, ingawa si Brexit. Usiku ule ule Waingereza walipomaliza kutoka, sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ilianza kazi: tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021. Ilipitishwa tarehe 17 mwezi wa tano 2017, na namba yake ni 2017/821. Inagusa aina ine: bati, tantali inayotoka kwa koltani, wolframi na zahabu. Inalazimisha makampuni ya Ulaya yanayoingiza madini kupita kiasi fulani yachunguze yametoka wapi, yamepita mikono ya nani, na kama njiani hayakulisha wenye bunduki. Haikatazi kununua jiwe la Kongo. Tunarudilia: haikatazi. Na Uingereza, kwa kuwa imetoka, haikuichukua, isipokuwa kwa Ireland ya Kaskazini. Mambo mawili yameangukia tarehe moja, na midomo ya watu imeyafunga kwa kamba moja.

Kama woga uko, sababu yake tunaijua, juu tunakumbuka. Tarehe 21 mwezi wa saba 2010, rais Obama alitia sahihi sheria ya Marekani ambayo sehemu yake ya 1502 sisi tunaiita Loi Obama. Nayo haikukataza kununua. Iliomba makampuni yaseme kama madini yao yanatoka Kongo ao inchi jirani. Mwezi wa tisa mwaka ule, rais Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Kariyeri zilipofunguliwa, wanunuzi wengi walikuwa wamesha kukimbia. Kwao ilikuwa rahisi kuacha jina la Kongo kuliko kuja kuchunguza. Wamama wa Ndosho wanajua ile miaka ilifanana namna gani: watoto kutolewa masomo, wagonjwa kubaki nyumbani, vijana kukimbilia zahabu, ambayo inapita kichinichini bila etiketi.

Fundisho lake ni moja. Sheria peke yake haikufunga shimo. Tulifungwa na sheria iliyoandikwa mbali, na amri ya Kinshasa, na woga wa wanunuzi, vyote kwa mara moja, na hakuna aliyesimama mbele ya wachimbaji kuwaeleza. Mwanzo wa 2021 mifuko ilikuwa na etiketi, na kulikuwa setifika ya CIRGL, vitu ambavyo wakati ule vilikuwa bado kuenea kwetu. Tulikuwa na namna ya kujitetea. Lakini etiketi haina mdomo. Kama viongozi wangenyamaza, mwaka 2021 ungeweza kufanana na ule wa 2011, hata kama kwa karatasi jiwe letu liliruhusiwa.

Kuko familia zingine ambazo Brexit iliwagusa kwa mlango mwingine: zile ziko na ndugu London ao Birmingham. Usiku wa kura ya 2016, paundi 100 zilikuwa karibu dola 150. Kesho yake zilishuka chini ya dola 135, na mwisho wa 2020 zilikuwa karibu dola 137. Ndugu anatuma feza ile ile, lakini Goma inafika ikiwa imepunguka. Huo ni ukweli, na aliyeuona kwa mkono wake hakuota. Vilevile, mwezi wa kumi na moja 2020 serikali ya London ilitangaza kupunguza misaada yake ya inchi za nje, toka 0.7 mpaka 0.5 kwa mia ya utajiri wake. Lakini sababu waliyoitoa ni deni la korona, si kutoka Ulaya. Ni vizuri kila shida ibebe jina lake, juu shida yenye jina la uongo haipati dawa.

Angalia jirani. Kenya inauza maua na majani ya chai Uingereza. Iliona kwamba mwaka ukiisha bila karatasi, maua yake yanaweza kulipishwa ushuru. Haikungoja. Tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 2020 ilitia sahihi mapatano yake yenyewe na London. Sisi hatukuwa na lazima ile, sababu Kongo inahesabiwa kati ya inchi maskini kabisa, na Uingereza imebakisha mlango wazi bila ushuru kwa inchi hizo. Lakini ile sheria ya Ulaya juu ya madini ilitangazwa zaidi ya miaka mitatu na nusu mbele ya kuanza. Muda ulikuwa wa kutosha kuifikisha kwa kila shimo, kwa luga ambayo mchimbaji anasikia.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tunayaomba bila kuzunguka.

La kwanza, Division ya Mines na SAEMAPE waje wazungumze, kwa Kiswahili, kwa radio na ku kariyeri kwenyewe: sheria ya Ulaya inaomba nini, haiombi nini, na mchimbaji aangalie nini kwa mfuko wake. Karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa kwa ofisi ya mjini haifiki Rubaya.

La pili, kila koperative iweke ubao. Kila wiki iandike bei ya bati ya London na bei ambayo makontuari ya Goma yanalipa kwa kasiteriti na koltani. Tunajua wengi watasema: ubao utasaidia nini, wakati mnunuzi njo alimpa mchimbaji unga, mafuta na vyombo mbele ya kushuka ndani ya shimo? Ni kweli. Aliyekula deni hawezi kukataa bei akiwa peke yake. Njo maana tunasema koperative, hatusemi mtu mmoja. Mmoja akiuliza, anaitwa mwenye kichwa kigumu. Mia wakiuliza mbele ya ubao, wanajibiwa.

La tatu, wachaguliwa wetu, wa Goma na wa Kinshasa, wawaambie Wazungu wa Brussels jambo ambalo sheria yao haisemi: kumkimbia Mkongomani si kufanya biashara safi. Anayetaka jiwe lisilo na damu aje alinunue hapa kwa bei ya haki, achunguze, na abaki.

Na ninyi wababa na wamama, neno letu kwenu ni la nyumbani. Musiuze kiwanja juu ya maneno ya barabarani. Musivunje likelemba, musimtoe mtoto kwa masomo, musikubali deni jipya kwa sababu mtu amesema "Brexit". Mtu akileta habari ya sheria, muulizeni: ni sheria gani, ya tarehe gani, na imeandikwa na nani? Asipojibu, habari yake ni ya kununulia kilo yako kwa bei ya chini.

Waingereza wamefanya hesabu yao na watailipa wao wenyewe. Hesabu ya kilo yetu inafanyika hapa, kati ya shimo na depo, na hapa njo tunataka iwe wazi.