Kipa Si Mjinga

Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, lakini maana yake nimeionja juzi tu, nikiwa na pedi ya gemu mkononi.

Nenda kituoni hapa Ganda siku ya Jumamosi. Kwenye kibanda cha gemu utakuta vijana wamebanana mbele ya televisheni, mechi moja shilingi 20, wakicheza ule mpira tuliouzoea kwa jina la FIFA, ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC. Goli likiingia tu, kelele! "Kipa huyu mjinga! Wamemtengeneza vibaya!" Nami nilikuwa mmoja wa wapiga kelele. Leo naungama kuwa nilikosea.

Kwanza, tuelewe kipa wa gemu anavyofanya kazi. Ukimwachia mashine, husogea akifuata mpira, akijaribu kuwa kati ya mpira na goli lake. Lakini kwenye PlayStation, ukishikilia kitufe cha pembetatu unamwamuru atoke mbio. Hapo ndipo balaa huanza. Wengi wetu hukibonyeza kwa hofu, adui yuko mbali na mabeki bado wapo. Kipa mtiifu anatoka, adui anauinua mpira juu ya kichwa chake, kwisha. Aliyebonyeza ni nani? Wewe. Anayetukanwa ni nani? Kipa.

Pili, kutoka si kosa. Kosa ni kutoka wakati usiofaa. Hebu tufanye hesabu. Goli lina upana wa mita 7.32, na alama ya penalti iko mita 11 kutoka mstarini. Mpira ukiwa hapo na kipa amesimama mstarini, ana mita 7.32 za kulinda. Akisogea hadi nusu ya njia, zinabaki mita 3.66 tu, sawa na upana wa goli la mpira wa magongo. Mikono ni ile ile, kazi imepungua nusu. Lakini hakuna cha bure: mpira nao unamfikia kwa nusu ya muda, na nyuma yake ameacha uwazi wa kupitishiwa mpira juu. Kwa hiyo atoke adui akiwa peke yake na mpira umemtoka mguuni kidogo. Kabla ya hapo, atulie.

Sasa nije kwangu. Mimi ndimi kipa wa darasa letu. Muhula uliopita, katika fainali, beki wetu mmoja alipitwa. Nikasikia sauti tatu nne kwa pamoja: "Toka! Toka bwana!" Nikatoka. Mpira ukapita juu yangu kama ndege. Tangu siku hiyo jina langu likawa "Mlango Wazi". Hata nyumbani mama aliniuliza mbona sili. Nilikuwa nimeshaamua kurudisha glavu.

Jumamosi iliyofuata, kule kibandani, nikafungwa goli lile lile. Nikafungua kinywa nimtukane kipa. Nikatazama kidole changu: kiko juu ya pembetatu! Nikanyamaza, nikaweka pedi chini.

Najua walimu wetu watasema gemu hula wakati na pesa za sabuni. Ni kweli, sibishi. Lakini siku ile gemu ilinifunza kitu ambacho uwanjani hakuna aliyenieleza: kipa hutoka kwa sauti ya mwingine, halafu hufungwa peke yake.

Basi naomba mambo mawili. Uwanjani, anayemwita kipa awe mmoja tu, beki wa kati, si kila mwenye kinywa. Na haya majina yakome. Wazee wetu walimwita kipa Mahmoud Abbas "Kenya One", enzi Harambee Stars iliponyakua Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983. Sisi kipa wetu twamwita mlango!

Glavu sikurudisha. Zi chini ya kitanda changu bwenini, na muhula ujao nitazivaa. Mkiniita nitoke, niiteni kwa akili.