Thamani ya Askari Mmoja

Hakuna neno lililo zito kwa serikali yo yote kuliko mzazi kuuliza: "Mwanangu mlimchukua akiwa mzima, mbona hamnirudishii?" Swali hilo liliulizwa katika Israel kwa miaka mitano na zaidi, tangu tarehe 25 Juni, 2006, askari Gilad Shalit alipotekwa karibu na mpaka wa Gaza, hata tarehe 18 Oktoba, 2011, aliporejea kwao. Alikombolewa kwa wafungwa 1,027.

Wazazi wake walipiga hema karibu na nyumba ya Waziri Mkuu mjini Jerusalem, na mwaka 2010 maelfu ya watu walifuatana nao kwa miguu kutoka kaskazini hata mji huo. Lakini wako wengine waliokuwa na machozi yao, nao ni jamaa za watu waliouawa na baadhi ya wafungwa hao. Hao walikwenda mahakamani kuomba mapatano yazuiwe, wasifaulu. Mawaziri walikuwa wamekwisha kukubali kwa kura 26 dhidi ya 3.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki. Kijana aitwaye jeshini kwa amri ya sheria haendi kwa shughuli yake mwenyewe. Taifa lililompa bunduki lina deni kwake. Lakini deni hilo halipaswi kulipwa kwa damu ya wengine. Miongoni mwa walioachiliwa mwaka 2011 alikuwamo Yahya Sinwar, ambaye baadaye aliongoza Hamas katika Gaza. Katika shambulio la tarehe 7 Oktoba, 2023, watu wapatao 1,200 waliuawa na 251 wakachukuliwa mateka. Hata Tanzania ilipata msiba: vijana wake wawili waliokuwa huko wakijifunza kilimo walipoteza maisha. Na vita iliyofuata iliua makumi ya maelfu ya Wapalestina.

Wala tusisahau kwamba Mpalestina naye ana mama. Wako Wapalestina wengi waliowekwa kizuizini bila mashtaka wala hukumu. Mtu wa namna hiyo si fedha ya kuwekwa akiba hata siku ya biashara. Ama apelekwe mbele ya hakimu, ama aachiliwe.

Basi kosa li wapi? Kosa ni kungoja siku ya kilio ndipo kanuni itafutwe. Mwaka 2008 Israel iliunda tume chini ya Meir Shamgar, aliyekuwa Rais wa Mahakama Kuu kabisa, ili ishauri juu ya kanuni za kubadilishana wafungwa. Taarifa yake ilitolewa Januari, 2012, Shalit akiwa amekwisha kulala nyumbani kwao miezi kadhaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 waamuru kwamba mapigano yakikoma, wafungwa wa vita warudishwe kwao bila kukawia. Kila taifa lenye jeshi lingefaa kuwaambia wananchi wake mapema ni nini litakachotoa, na nini halitatoa kamwe, kwa ajili ya mtu wake aliyetekwa. Mzazi ana haki ya kuyajua hayo siku ile mwanawe anapovaa sare, wala si siku anapotekwa.